Mchoraji wa Mifuko ya Unga

Wasomaji wetu wa Likasi wanaijua njia ya kwenda Mwadingusha. Waliozaliwa huko waliizoea sauti ya maji ya Lufira kabla hawajaizoea sauti ya kengele. Wabelgiji waliyaita maporomoko yale Cornet, na mwaka wa 1930 mashine za umeme zilianza kuzunguka pale, katika mtambo uliopewa jina la Francqui. Maji yaliyozuiwa na ukuta yakaenea juu ya nchi, yakawa ziwa la Tshangalele, ambalo samaki wake wanaliwa Likasi hata leo. Umeme ukapelekwa kwenye viwanda vya Union Minière ili shaba ipatikane. Kwa miaka mingi mashine zile zilichoka, na kazi ya kuzitengeneza upya ilifika mwisho mwaka wa 2021. Lakini mambo hayo ni ya maenjinia. Leo twataka kusimulia habari ya picha moja iliyo ukutani, na ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchora picha za namna ile.

Tulikuwa tumekaribishwa Mwadingusha katika nyumba ya mzee mmoja aliyekwisha kustaafu. Chumba cha wageni kilikuwa na viti vinne, meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kalenda, sanamu ya Bikira Maria, na juu ya kabati la vyombo picha ya rangi isiyo na kioo. Ndani ya picha ile mwanaume mmoja amelala kifudifudi, nguo zake zimeshushwa. Askari mweusi mwenye kofia nyekundu ameinua fimbo juu yake. Pembeni amesimama Mzungu mwenye kofia ngumu nyeupe, mikono nyuma, kiko mdomoni. Nyuma yao ni ukuta wa gereza na bendera ya Ubelgiji. Wanawake wawili wanakuja na chakula vichwani. Chini imeandikwa kwa Kifaransa, herufi moja imekosewa: Koloni la Ubelgiji.

Tukamwuliza, "Mzee, picha hii ni ya nini?" Hakutujibu neno juu ya picha. Alianza kutueleza habari za baba yake, namna alivyolazwa chini asubuhi moja mbele ya wenzake kwa sababu ya chombo cha kazi kilichopotea, na namna mama alivyomletea ugali jioni katika sahani iliyofunikwa, "kama huyu," akasema, akimwonyesha mmoja wa wale wanawake kwa kidole. Wajukuu wawili waliokuwa na simu zao kwenye kona wakaacha kuzitazama. Yule mkubwa akauliza, "Tata, chombo chenyewe kilionekana?" Mzee akacheka. Kilionekana siku ya tatu, kwa mtu mwingine.

Katika miji ya shaba watu wana neno kwa jambo hili: wanasema picha kama ile ni ukumbusho. Haikununuliwa kwa sababu ni nzuri, ingawa huenda ni nzuri. Ilinunuliwa ili imfanye mtu aseme. Anayeitazama hukumbuka, na aliyekumbuka husimulia, na mgeni asiyejua hujifunza. Ukichukua picha ukamwacha msimulizi, umechukua nusu tu. Twawaomba wasomaji waliweke jambo hili moyoni, kwa maana habari yote tutakayosimulia inasimama juu yake.

Miaka ile ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 picha hizi zilikuwa nyingi sana katika Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi. Walionunua hawakuwa matajiri. Walikuwa wafanyakazi wa migodi na wa reli, makarani, waalimu, watu wenye mshahara wa mwezi na ukuta mtupu. Wachoraji nao hawakuwa watu wa shule kubwa. Ni kweli kwamba Lubumbashi ilikuwa na shule za kuchora. Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake mwaka wa 1946, na humo wakatoka watu kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, ambao ndege wao na samaki wao na mistari yao vilipendwa Ulaya. Lakini picha za Pilipili zilinunuliwa na Wazungu, zikaenda kwa Wazungu. Wale tunaowasema sisi walichora kwa ajili ya majirani.

Kazi yao ilikuwa hivi. Mchoraji alitafuta mfuko wa unga wa pamba, akaufua, akaukata, akaubana juu ya vipande vinne vya mbao. Aliupaka rangi nyeupe kwanza ili nyuzi zisinywe rangi nyingine. Kisha alichora kwa rangi alizoweza kupata dukani, kidogo kidogo, maana kopo moja lilikuwa ghali. Picha ikikauka aliibeba mwenyewe, au alimpa kijana aibebe, mlango kwa mlango na baa kwa baa, hasa siku zile mshahara ulipotoka. Watu waliomba zilezile: mwanamke nusu samaki anayeitwa mamba muntu, simba, kijiji cha zamani, gereza la Wabelgiji, kiwanda na mlima wake wa takataka nyeusi, Lumumba. Mchoraji aliyepata mteja wa mamba muntu mwezi huu alichora mamba muntu tena mwezi ujao. Asidharauliwe kwa hilo. Hata fundi wa viatu hashoni kila siku kiatu cha namna mpya.

Mmoja wa watu hao aliitwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1947. Hakupitia karakana ya mtu yeyote maarufu. Alikuwa na mke na watoto, na brashi ndiyo iliyowalisha. Alichora gereza la Wabelgiji mara nyingi, akaliwekea na miaka, 1885 mpaka 1959, ili mtazamaji asidhani ni habari ya siku moja. Alitia sahihi yake mbele, Tshibumba K.M., kwa herufi zinazosomeka. Mpaka hapo alikuwa mchoraji kama wengine. Kilichomtenga na wengine ni kwamba kila alipochora picha moja alikuwa akifikiri juu ya ile inayoitangulia na ile inayoifuata. Moyoni mwake picha zote zilikuwa kitabu kimoja. Lakini ni nani katika kambi ya wafanyakazi atakayenunua kitabu chenye kurasa mia, kila ukurasa ukiwa na bei ya mifuko ya sukari?

Hapa anaingia mtu wa pili, na wasomaji Wakatoliki watafurahi kujua alifikaje. Johannes Fabian ni Mjerumani aliyekuja Katanga mara ya kwanza mwaka wa 1966 kuchunguza habari za Jamaa. Wazee wanaikumbuka Jamaa: ni ile iliyoanzishwa Kolwezi, miongoni mwa wafanyakazi wa mgodi na wake zao, na Padri Placide Tempels, Mfransisko, miaka ya 1950. Ndiye yuleyule aliyetoa mwaka wa 1945 kitabu juu ya falsafa ya Wabantu, ambacho wengine walikisifu na wengine wakakilaumu. Fabian aliketi na watu wa Jamaa, akajifunza Kiswahili chao, Kiswahili cha kambi na soko ambacho waalimu wengi hukicheka. Aliporudi mwaka wa 1972 kufundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, aliweza kuzungumza na mchoraji bila mkalimani. Tusilipite jambo hili upesi. Mchoraji angelazimishwa kujieleza kwa Kifaransa angalisema machache, nayo machache yale yangekuwa ya shuleni.

Wakakutana, Tshibumba akamwambia nia yake. Fabian akakubali kuzinunua picha zote atakazochora kwa taratibu ile, na mwaka wa 1973 na 1974 Tshibumba akafanya kazi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Zilipokwisha zilikuwa picha 101. Alipoleta fungu, waliketi pamoja, mashine ya kunasia sauti ikawashwa, naye akasimulia kila picha kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, na Fabian akamwuliza maswali. Historia ya Zaire, ndivyo alivyoiita, maana tangu Oktoba 1971 nchi ilikuwa imebadilishwa jina.

Wakristo hawahitaji kuelezwa sana habari ile ni ya namna gani. Ingieni kanisani, tazameni ukutani: kuna vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba. Kila kituo ni picha moja, na katika kila picha yuleyule Mwokozi, Msalaba uleule, askari walewale. Asiyejua kusoma huifuata habari kwa miguu. Ukiondoa kituo kimoja, habari inaruka. Ukivibadilisha nafasi, inaharibika. Na bado vituo vyenyewe havitoshi, lazima awepo anayesali na kusoma. Tshibumba hakutuachia neno kwamba alijifunza mpango wake kanisani. Lakini mtoto wa Élisabethville wa miaka ile aliyeona picha nyingi zikifuatana ukutani, aliziona wapi kama si pale?

Vijana watasema kwamba hiyo ni bede, yaani hadithi za picha kama zile wanazozisoma magazetini na vitabuni. Hawakosei. Hadithi za picha zilikuwapo Kongo tangu zamani za Wabelgiji. Baada ya vita kuu ya pili gazeti la serikali lililoitwa Nos Images lilikuwa na mambo ya jamaa ya Mbumbulu, Waafrika wenye adabu na nyumba safi, wakionyesha namna ya kutumia pesa na kulea watoto. Ilikuwa picha iliyotoka juu kushuka chini: mwenye madaraka anachora, raia anatazama na kutii. Tshibumba aliigeuza njia. Yeye raia alichora, na waliochorwa ni wenye madaraka.

Alianza mbali. Alichora Wareno walipofika kwa mfalme wa Kongo, akachora Livingstone na Stanley, biashara ya watumwa, na Mfalme Msiri wa Bunkeya, ambaye Kapteni Bodson alimwua kwa bastola Desemba 20, 1891, naye Bodson akauawa palepale. Alichora hukumu ya Simon Kimbangu ya mwaka wa 1921. Alichora mgomo wa Desemba 1941, wakati wafanyakazi wa shaba walipodai mshahara nao wakajibiwa kwa risasi. Mgomo ule haukuwa wa Élisabethville peke yake. Huku kwetu pia, Panda na Shituru, watu waligoma na watu walikufa, na umeme uliokuwa ukiviendesha viwanda vile ni ule wa Mwadingusha. Miaka ya mgomo ule Tshibumba alikuwa hajazaliwa. Aliipata habari kama alivyoipata kila mtoto wa kambi, usiku, kwa watu wazima walioshusha sauti.

Kisha zinafuata picha za uhuru, na hapo brashi inakwenda polepole. Januari 4, 1959 Léopoldville, watu wanaanguka barabarani. Juni 30, 1960, Lumumba anahutubu. Halafu kujitenga kwa Katanga, na vita ya askari wa Umoja wa Mataifa na askari wa Tshombe. Na katikati ya hayo picha ambayo wengi huijua kuliko zote. Ni usiku. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito wamelala chini, wamekufa. Ubavu wa Lumumba una jeraha, damu inatiririka ardhini, nayo damu inaandika neno umoja kwa Kifaransa. Mbali, kwenye upeo wa nchi, imesimama misalaba mitatu.

Ni vema tusimame kidogo hapa, maana tunajua baadhi ya wasomaji wamekunja uso. Kwamba watu hao watatu waliuawa katika nchi yetu hii ya Katanga, Januari 17, 1961, ni kweli isiyo na ubishi. Misalaba mitatu haikuwapo. Mchoraji hakuwapo pale. Alikuwa kijana mdogo. Alipoulizwa, hakujificha nyuma ya maneno: alimlinganisha Lumumba na Bwana Yesu kwa nchi yake, kwa kuwa alikufa kwa ajili ya umoja wa watu wake. Sisi hatuwezi kwenda naye mpaka mwisho wa njia ile. Mwokozi ni mmoja, na mtu wa siasa, hata akiwa amedhulumiwa namna gani, ni mtu. Lakini pia hatuwezi kumhesabia kufuru. Alitafuta picha ambayo kila jirani angeielewa mara moja, bila mwalimu: mtu asiye na hatia, aliyeuawa na wakubwa, na wawili pamoja naye. Katika nyumba za Lubumbashi picha hiyo ilikuwa moja tu. Hata mhubiri hutumia mifano ya shamba kwa wakulima.

Jambo gumu zaidi ni ukweli. Tshibumba hakutaka kuitwa mchoraji tu. Alitaka kuhesabiwa mwandishi wa historia, sawa na wale wa chuo kikuu, tena alijua kwamba wao wana vitabu na yeye hana. Je, alistahili? Tarehe zake nyingine hazipatani na za vitabu. Watu waliopishana kwa miaka mingi yeye anawakutanisha. Mwalimu mkali angetia kalamu nyekundu mahali pengi. Hata hivyo tumejiuliza: katika vitabu vile vyenye tarehe sahihi, vilivyoandikwa wakati wa Wabelgiji, mgomo wa 1941 ulipewa mistari mingapi? Yule mtu aliyelala kifudifudi chini ya fimbo aliandikwa ukurasa wa ngapi? Kosa la tarehe lasahihishwa kwa kalamu. Aliyeachwa nje ya kitabu harudishwi kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo sisi twaona alistahili jina alilolitaka, lakini tungemwomba, kama angekuwapo, atuachie tuzisahihishe tarehe.

Kuna tena ujasiri uliofichika. Miaka ile Mobutu alitawala, na maneno yalipimwa. Lumumba mwenyewe aliruhusiwa, maana mwaka wa 1966 Mobutu alimtangaza shujaa wa taifa. Lakini kuonyesha damu ni jambo jingine, maana mtazamaji huuliza ni ya nani na ni nani aliyeimwaga. Picha ina faida yake hapo. Askari akiingia nyumbani akauliza, mwenye nyumba husema, "Ni picha tu." Akitoka, mwenye nyumba husimulia yaliyobaki.

Tumwangalie sasa mwenzake mmoja, ili tofauti ionekane. Barly Baruti alizaliwa Kisangani mwaka wa 1959, naye amekuwa bwana wa hadithi za picha anayejulikana kuliko wengi katika Kongo. Vitabu vyake vimechapwa Ulaya. Kuanzia mwaka wa 1995 alichora mfululizo wa Eva K, maneno yakiandikwa na Frank Giroud. Mwaka wa 2014 kilitoka kitabu chake kiitwacho Madame Livingstone, alichokitunga pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Habari yake ni ya ziwa Tanganyika katika vita kuu ya kwanza: ofisa Mbelgiji anatumwa kuitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, naye anaongozwa na Mwafrika mwenye akili nyingi anayevaa sketi ya Waskoti, ndiyo maana watu wamempa jina lile la kike. Meli yenyewe ni ya kweli. Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao mwaka wa 1916 karibu na Kigoma, Waingereza wakaiinua mwaka wa 1924, ikaitwa Liemba, na watu wa Kalemie na Kigoma wanalijua jina hilo kama la jirani.

Mtu kama Baruti huketi mezani miezi mingi. Kwanza yapo maneno ya hadithi, kisha ukurasa unagawanywa vyumba vyumba, kikubwa kwa jambo kubwa, vidogo kwa mazungumzo. Anachora kwa penseli, anafuata kwa wino, anatia rangi. Uso wa mtu wa ukurasa wa tatu lazima uwe uleule ukurasa wa sitini, na kofia isibadilike, na jua lisitoke upande mwingine. Kazi ikikwisha inapigwa chapa, nakala maelfu, na mtoto wa Lubumbashi anaweza kuisoma kitabu kilekile anachokisoma mtoto wa Brussels, ikiwa baba yake ana pesa za kukinunua. Tshibumba hakuwa na mpiga chapa. Alichochora kilikuwa kimoja, mahali pamoja, na kikitoka mikononi mwake kimetoka. Maneno yake hayakuwa ndani ya mapovu juu ya vichwa vya watu. Machache aliyaandika kwa Kifaransa pembeni, yaliyobaki yalikuwa mdomoni mwake. Ndiyo sababu mashine ile ya kunasia sauti ilikuwa na thamani kama rangi.

Furaha ya kazi ile haikudumu. Bei ya shaba duniani ilianguka mwaka 1974 na 1975, na mshahara wa Katanga, au Shaba kama ilivyoitwa wakati ule, hufuata shaba kama mkia unavyomfuata mbwa. Mtu aliyenunua picha kila mwaka sasa alitafuta unga wenyewe, si mfuko wake. Fabian alikuwa amekwisha kuondoka. Zikaja vita mbili, mwaka wa 1977 na mwaka wa 1978, ya pili ikaiharibu Kolwezi. Tshibumba aliendelea kuchora na kuuza alipoweza. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, habari zake zikakatika. Hakuna kaburi linaloonyeshwa, hakuna barua. Mtu aliyeandika vifo vya wafalme na mawaziri kwa rangi hakupata wa kumwandikia cha kwake.

Fabian alikaa na zile sauti na picha zaidi ya miaka ishirini. Mwaka wa 1996 alitoa Marekani kitabu kikubwa chenye picha zile pamoja na maelezo ya Tshibumba yaliyofasiriwa kwa Kiingereza. Maneno ya Kiswahili kama yalivyosemwa yamehifadhiwa pia. Picha zenyewe ziko Amsterdam, katika makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum mpaka mwaka wa 2023, na mwaka wa 2017 zilipelekwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya documenta, ambako watu wa nchi nyingi walipita mbele yake wakisoma vijikaratasi.

Tumesikia wengine wakilalamika kwamba zimeibwa. Hazikuibwa; zilinunuliwa kwa mwenyewe, naye alipenda ziende pamoja, zisitawanyike. Kama zingebaki Likasi au Kolwezi, mvua, mchwa na vita vingekula nyingi. Hayo ni kweli, nasi twashukuru. Lakini maumivu yapo. Yule aliyepita mbele ya picha ya mgomo wa 1941 kule Kassel hakuwa na baba wa kumkumbuka. Alitazama, akasoma, akaenda kwenye picha nyingine. Na yule ambaye babu yake alikuwapo Panda siku ile hajaiona.

Si kwamba hapa hakuna aliyejali. Padri Léon Verbeek, Msalesiani wa Lubumbashi, alizikusanya picha nyingi sana za watu wa Katanga kwa miaka mingi, nyumba kwa nyumba, akawahoji wachoraji na wenye picha, akaandika majina yao. Mapadre wamelaumiwa mara nyingi, na mara nyingine kwa haki, kwamba walichoma vitu vya wazee. Huyu aliokota. Sehemu kubwa ya alichokusanya iko sasa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Tena ng'ambo, msomaji atasema. Ndiyo, tena ng'ambo.

Tuliporudi kumwaga mzee wetu wa Mwadingusha tulimwuliza ni nani aliyeichora picha yake. Hakujua. Alisimama juu ya kiti, tukimshika, akaishusha, akaigeuza. Upande wa nyuma kulikuwa bado na herufi za buluu za kiwanda cha unga, nusu zimefutika, na hesabu ya kilo. Sahihi haikuwapo, mbele wala nyuma. Huenda ni mkono wa mtu tusiyemjua, mmoja wa wale wengi. Alituambia aliinunua njiani, Likasi, siku ya mshahara, kwa kijana aliyebeba tano au sita mabegani, na kwamba mkewe alikasirika siku mbili nzima, kwa sababu pesa ile ilikuwa ya sukari. Kisha akairudisha ukutani. Ilikaa upande kidogo, na yule mjukuu mkubwa akapanda juu ya kiti kuinyoosha.